Mke wa Mpaka Rangi Kununua Rangi

Mjukuu wangu ana neno moja analolipenda. Jumapili jioni anarudi miguu imevimba kwa viatu, sauti imekauka kama ya mtu aliyekuwa akifukuza ndege shambani, anajitupa kwenye kiti na kuniambia, "Shosho, leo tumeponda!" Namuuliza mmeponda nini, mahindi au njugu? Anacheka mpaka anakohoa. "Tumeponda raha, shosho. Tumeponda pesa."

Kisha analala palepale na viatu vyake. Mimi nabaki hapa sebuleni kwa mama yake, Donholm, magoti yamepakwa dawa inayowasha kama pilipili, nikilitafuna hilo neno. Siku hizi sina kazi nyingine. Mimi nami niliponda ujana wangu wote, lakini nilikuwa naponda irio, viazi na mahindi na njegere, kwa mwiko, na zilikuwa za kulisha nyumba nzima. Nikiyapanga haya maneno ya kupoteza pesa naona yote ni kazi zangu. Kuponda ni kazi ya mwiko. Kutapanya ni kazi ya kuanika, unatapanya maharagwe juu ya gunia yakauke. Kwa lugha ya mama yangu neno la kupoteza mali linatoka kwa lile la kumwaga maji, na maji nimebeba mpaka shingo ikaingia mabegani. Sijui nani alichukua kazi za mikono yetu akazifanya majina ya dhambi.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Kalamu yenyewe naishika kwa shida, nilijifunza kuandika nikiwa na watoto tayari, katika kisomo cha watu wazima tulichokiita ngumbaru, na mwalimu wetu alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nimeishika kwa ajili ya neno lingine, refu, ambalo niliitwa mimi mwenyewe siku moja huko Makongeni na sikulielewa. Ni jambo baya kuitwa kitu usichokielewa. Ukiitwa mwizi unajua pa kuanzia kujitetea. Mimi niliitwa mbadhirifu, na nusura neno hilo linitoe Nairobi.

Makongeni tulikaa kwenye nyumba za reli. Chumba kimoja, jikoni kadogo ka kugeukia, mfereji wa maji nje wa laini nzima, yaani safu yetu ya nyumba. Mume wangu alikuwa mpaka rangi. Alipaka mabehewa. Alitoka asubuhi na ovaroli, akarudi jioni akinuka tapentaini, akanawa mikono kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni, na bado kucha zilibaki na mstari wa rangi. Alikuwa mtu wa upande wa Machakos, mpole, maneno yake unaweza kuyahesabu kama mvua za huko kwao. Mimi natoka upande wa mlima, kwa hiyo na watu wake tulisemezana kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa njia yake.

Sasa, milango mingi ya laini yetu ilifanana na mabehewa, na sitasema zaidi. Ya kwetu haikufanana. Mume wangu hakuleta nyumbani hata tone. Nilimwambia mara moja tu, mwanzo wa ndoa, "Si hata yale mabaki ya chini ya kopo?" Akaniangalia kama niliyemwambia alete behewa lenyewe. "Rangi ikae kazini," akasema. Nikajua kuna mambo mawili. Moja, hataki kuchukua cha watu. La pili, amechoka nayo. Aliipumua mchana kutwa. Nyumbani alitaka kukaa, avue viatu, aangalie kitu kisicho na rangi.

Na kitu hicho kilikuwepo, kilikuwa ukuta wetu. Ulikuwa mweusi. Sio mweusi wa kuchafuka wiki hii. Ulikuwa na masizi ya waliotutangulia, na waliowatangulia hao, jiko la makaa miaka na miaka, taa ya mafuta, halafu ya kwetu juu yake. Mtoto akiuegemea, shati la shule linakwenda. Mgeni akiuegemea, unamsindikiza ukimpangusa mgongo kama farasi. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa sabuni ya magadi, weusi ukawa wa kung'aa. Nilizaliwa kwenye nyumba ya udongo, nikakulia kwenye kile kijiji tulichofungiwa na mkoloni wakati wa hali ya hatari, vibanda vimebanana kama meno, na mpaka nilipofikia utu uzima sikuwahi kulala ndani ya ukuta ambao mtu aliuangalia akasema, huu tuutengeneze. Sababu ni kwamba hakuna uliokuwa wetu. Huu wa Makongeni nao ulikuwa wa reli. Watu wote wa Eastlands tulikaa hivyo, hapa ni pa kulala tu, nyumbani ni kule. Ukinunua kabati, ulinunua ukijua litabebwa juu ya basi siku moja. Sufuria, blanketi, mabati, vyote vilikuwa na safari ndani yake.

Tulikuwa na chama, akina mama wa laini. Kila mwezi tunamchangia mmoja. Na chama chetu kilikuwa na desturi yake, ukishapokea, mwezi unaofuata wenzako wanakuja kunywa chai kwako na kuona. Lazima waone. Unaweka kitu chako mezani au katikati ya nyumba, wanakishika, wanakigonga, wanakigeuza kuangalia chini. Hapo ndipo walijua huyu pesa zetu zilimfaa na huyu mumewe alizipeleka kwa pombe.

Zamu yangu iliangukia mwaka ule wa ukame, mwaka wa unga wa njano. Wenye umri wangu wanaukumbuka. Mvua kubwa ilikataa nchi nzima, tukapanga foleni ya unga, na unga wenyewe ulikuwa wa mahindi ya kutoka nje, ugali wake rangi ya kiini cha yai, watoto wanauangalia tu. Mwaka kama huo mtu mwenye akili angenunua gunia la chochote na kulificha chini ya kitanda. Mimi nilishuka mjini nikanunua rangi. Galoni mbili za rangi ya mafuta, brashi moja. Nilichagua rangi ya maziwa yaliyoonja chai. Kama unaniuliza kwa nini mwaka huo, sina jibu zuri mpaka leo. Nilikuwa nimechoka na weusi. Kuna uchovu ambao haungoji mvua inyeshe.

Nilipaka mwenyewe, mume akiwa kazini, watoto shule. Galoni ya kwanza ilikula kuta tatu. Ya nne, ile ya nyuma ya kitanda, niliiachia galoni ya pili, nikaweka kopo likiwa limefungwa hivyo hivyo kando ya mlango. Mume aliporudi akasimama kizingitini. Pua ikafanya kazi kabla ya macho. Nilingoja anigombeze.

"Hukupiga msasa," akasema.

"Sikujua kama kunapigwa msasa."

"Umepaka juu ya masizi. Haitakauka upesi." Akavua viatu, akakaa katikati ya chumba mbali na kila ukuta, akaomba chai. Basi.

Wiki hiyo hiyo chama kikaja kuona. Walikaa kwenye vigoda, vikombe mkononi, wanangoja. Kulikuwa na mmoja kati yetu, mama mkubwa wa sauti na wa mwili, aliyeuza matumbo pale soko la Burma. Ndiye aliyeanza.

"Haya mama, tuonyeshe tuende. Nimeacha mtu kwa sufuria yangu na simwamini."

"Angalieni tu."

"Tuangalie wapi?"

"Ukutani."

Wakageuza shingo. "Iko wapi picha?"

"Hakuna picha. Ni ukuta wenyewe. Msiuguse, haujakauka."

Wakaangaliana juu ya vikombe. Halafu yule wa matumbo akapiga makofi mara moja. "Woi! Mume wake anaoga rangi kila siku ya Mungu, na yeye ameenda dukani kununua rangi! Wenzangu, mmewahi kuona bibi ya mwenye bucha akinunua mifupa?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanya nini?

"Na siku mkiambiwa mhame," akaendelea, "hii ukuta utakunja uende nayo ushago kwenu?"

"Nitaikunja niweke kwa sanduku."

"Uweke na reli yenyewe!" Wakacheka tena, wakamaliza chai, lakini niliona wakitoka kila mmoja anageuka mlangoni kuangalia mara ya pili. Yule wa matumbo aligeuka mara ya tatu.

Hayo yangepita. Kilichonileta kwenye hilo neno ni kaka yake mume wangu. Alikuwa kaka mkubwa, mzee wa kanisa huko kwao, mtu wa kuheshimika, ndiye aliyeshika nyumba ya mama yao na shamba. Alifika Jumamosi bila kutangulia habari, kama watu walivyofika wakati huo. Alivaa koti lake jeusi, lile la kanisani, na kwapani alishika gunia tupu lililokunjwa vizuri. Nikaliona gunia nikajua, njaa imemleta. Nikasema moyoni, nina kidogo cha unga wa njano, nitamgawia.

"Karibu shemeji, karibu ndani. Pole na safari."

"Nishapoa." Alikuwa amekonda. Vumbi la kwao lilikuwa kwenye nyusi. Aliingia, akaketi kwenye benchi, na mtu aliyechoka namna ile hufanya nini? Aliegemea.

Nilisema "Shemeji!" lakini nilichelewa. Mgongo ulikuwa umeshafika. Na ile rangi, kwa sababu ya masizi, kwa sababu sikupiga msasa, ilikuwa bado inanata siku zote hizo. Alipojaribu kujiinua alisikia inamvuta. Akasimama, akavua koti polepole, akaligeuza. Katikati ya mgongo, tangu begani hadi kiunoni, mstari wa rangi ya maziwa mpana kama kiganja. Na ukutani, alama ya mgongo wake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliangalia koti, akaangalia ukuta mmoja, wa pili, wa tatu. Akaliona na kopo lililofungwa.

"Hii mlinunua?"

"Nilinunua mimi, shemeji. Ni pesa za chama."

"Mwaka huu?"

Nikachukua birika.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa, "wewe ni mbadhirifu."

Mimi sikulijua. Nilijua kutapanya, kwa sababu mwana mpotevu alitapanya, tumelisikia kanisani. Hili lilikuwa la redioni, la watu wakubwa wakigombana juu ya mali ya umma. Nilisimama na birika mkononi nikijaribu kuonyesha uso unaofaa. Akaniambia kesho baada ya kanisa tutakaa kikao yeye, mume wangu na mimi, na nijiandae kwenda nyumbani na watoto. Nikakae na mama yao nilime, mume abaki hapa peke yake na kuta zake.

Hapo niliacha kufikiria koti. Wanawake wengi waliishi hivyo, nisikudanganye, mume Nairobi, mke kule, wanaonana Krismasi na mtoto anazaliwa Septemba. Laini yetu wake waliokaa mwaka mzima tulikuwa wachache. Nilikuwa nauza sukuma wiki pale kona, nilikuwa na ngumbaru yangu, nilikuwa nimefika kusoma sentensi nzima. Na tuseme ukweli wote, nilikuwa na mume niliyempenda kunywa naye chai jioni akiwa amenyamaza. Mvulana aliyenioa nilimpata kwa shida. Sikutaka kumwona Krismasi tu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kikao, nilikwenda kwa bibi mmoja jirani. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Pumwani, mwanawe ndiye aliyekuwa wa reli. Kila alfajiri alikaanga mahamri, na mchana alikaa mlangoni akitafuna tangawizi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, ukikisikia unaona aibu ya chako. Nikamwambia bibi, nimeitwa hivi, ni tusi gani?

"Nani kakuita?"

"Shemeji."

Akalitafuna na tangawizi yake kwanza. "Si tusi, mwanangu. Ni zito kuliko tusi. Kwetu ni jina la dhambi. Chuoni kwa Kurani tulipokuwa wadogo mwalimu alitufundisha viwili, israfu na ubadhirifu, ni ndugu lakini si pacha. Ukipika pilau nzuri ukazidisha sahani, umepita kiasi katika kizuri, hiyo israfu. Ukitumia pasipostahili, japo kidogo, huo ndio ubadhirifu. Limetoka Uarabuni, na huko asili yake ni mbegu."

"Mbegu?"

"Mbegu. Mtu anaingia shambani, anachota, anarusha tu. Haangalii penye jiwe, haangalii penye njia. Kutawanya mbegu ovyo, hapo ndipo neno lilipozaliwa." Akanitazama. "Wewe umefanya nini?"

"Nimepaka ukuta rangi."

"Ukuta wa reli?"

"Wa reli."

Alicheka bila sauti, mabega tu. "Basi sijui, mwanangu. Pengine ana haki. Chukua mahamri haya uwapelekee, mtu hahukumu vibaya akiwa na kitu kinywani."

Nikarudi na mahamri, bila faraja. Sikuwa nimepata la kujitetea. Nilikuwa nimejua tu ukubwa wa jiwe nililotupiwa.

Kikao kilianza kwa maombi, na shemeji aliomba muda ambao ugali wa mchana ungeiva ukapoa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, koti magotini, gunia chini ya mguu. Mume wangu alikaa kitandani akichokoa kucha kwa njiti ya kibiriti. Mahamri hayakuguswa.

"Ndugu yangu," shemeji akasema, "sikuja kuvunja nyumba. Lakini mama anachemsha majani ambayo mbuzi ameyakataa. Mbuzi wenyewe wamebaki ngozi. Nakuja kwako nakuta ukuta umepakwa mafuta. Mke wako ni mbadhirifu, na mbadhirifu hawekwi karibu na mshahara. Aje nyumbani na watoto. Alime, akae na mama, aijue hii nchi."

Mume wangu alichokoa kidole kingine. Nilimwangalia kichwa chake kilivyoinama nikaona amepata mvi, na sikuwa nimeziona. "Mama watoto," akasema, "una neno?"

Ningekuwa mtu wa maneno ningesema mengi. Nilikuwa nimelala vibaya. Nikasema kile kilichokuwa kichwani, na Mungu ni shahidi yangu sikukisema kwa ujanja.

"Shemeji, mimi sikusoma. Nimeuliza maana ya hilo neno. Nimeambiwa ni mtu anayetupa mbegu ovyo. Sasa mimi sielewi. Pesa nimetumia, hiyo ni kweli, na koti nimeharibu. Lakini mbegu mimi sina. Mbegu ziko kwako nyumbani. Ni mbegu gani nimetupa?"

Nilidhani atanifafanulia. Alifungua mdomo kama mtu wa kufafanua. Kisha macho yakashuka kwenye lile gunia chini ya mguu, yakakaa huko. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira wa karatasi kwenye ukuta wetu wa pili, du, du, du, na hakuna aliyetoka kuwakataza.

"Kaka," mume wangu akasema mwishowe, "hili gunia ni la unga?"

"Si la unga."

"Ni la nini?"

Akaliinua, akaliweka magotini juu ya koti. "Mbegu tumekula," akasema.

Kama hukukulia shambani huwezi kujua uzito wa hayo maneno mawili. Mbegu huwekwa juu ya moshi jikoni, masuke yaliyochaguliwa, mbaazi kwenye kibuyu kilichozibwa kwa majivu, na mtoto akiyagusa anachapwa hata kama ni wa jirani. Mtu anaweza kuuza mbuzi, anaweza kula majani. Aliyekula mbegu amekula na mwaka ujao. Na yeye ndiye aliyekuwa mshika nyumba, mzee wa kanisa, anayesimama mbele ya watu. "Mama alikuwa amelala siku mbili bila kuamka vizuri," akasema, na akawa anaongea na gunia. "Nikateremsha kibuyu. Nikasema nusu tu. Halafu watoto wakasikia harufu." Akasugua uso kwa mikono yote miwili. "Mvua za vuli zikija zitanikuta nimekaa. Nimekuja kutafuta mbegu. Sikujua nitaanzaje kusema. Kisha nikaegemea huo ukuta."

Mume wangu akaweka njiti chini. Nilikuwa naye miaka mingi na ninadhani ile ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyowahi kumwambia kaka yake mbele yangu, nayo ilikuwa hivi:

"Sasa huyu akija huko, kaka, atapanda nini?"

Shemeji alitikisa kichwa. Mambo ya kwenda kwangu yaliishia hapo. Hakuna aliyetangaza kwamba nimebaki. Niliona tu mkono wake umenyooka, umechukua hamri moja, limeliwa, na lingine limefuata.

Alasiri nililibeba lile kopo lililofungwa mpaka kwa mama wa matumbo. Nilimkuta anapanga sufuria zake za kesho. Sikumweleza mengi, nilimwambia tu naliuza.

"Ati unauza? Si ulisema utaikunja kwa sanduku?"

"Nauza, mama. Mtu wa kwetu anahitaji mbegu."

Uso wake ukabadilika. Naye alikuwa na watu wake mahali, mwaka ule kila mtu alikuwa na watu wake mahali. Akaingia ndani akatoka na pesa zimefungwa kwenye pembe ya leso, na hatukubishana bei. Lakini mimi nikiondoka akaniita.

"Mama! Nisisikie kwa laini mtu akisema nilinunua rangi. Nilipewa. Na ile yako ya kushika watu mgongo, ni nini hukufanya?"

"Msasa. Sikupiga msasa."

"Haya, mimi nitapiga."

Jumatatu shemeji alipita duka la mbegu mjini, akapanda basi. Gunia halikujaa, lakini lilikuwa na kitu chini. Mume wangu alikuwa amelisugua lile koti kwa tapentaini jioni nzima, mtaalamu mwenyewe, na rangi ilipungua ukali tu, ikatanuka. Shemeji alilivaa hivyo hivyo. Nilimsindikiza hadi barabara ya Jogoo, na alipokata kona nikauona ule mstari ukienda kati ya watu, na nilichoka siku hiyo kama niliyebeba behewa.

Ukuta wa nne ulibaki mweusi. Nilisema nitanunua galoni nyingine zamu yangu ikirudi, na zamu ikarudi, na kulikuwa na ada, na ikarudi tena kukawa na hospitali. Tulilala tukiuangalia ule mweusi na kuamka tukiangalia zile tatu, mpaka mume wangu alipostaafu. Siku ya kurudisha funguo alikuja mtu wa ofisi ya nyumba za reli akapima kwa macho, akasema yote itapakwa upya rangi ya kawaida. Vijana wawili waliifuta kazi yangu kabla ya chai ya saa nne. Walipiga msasa kwanza.

Na tulikwenda wapi? Tulikwenda kule kule Machakos, kwenye nyumba ya mume, kwa mama, kulima. Nilipigania nini basi? Nilipigania miaka. Nilishinda miaka ya chai ya jioni, nayo ilikwisha, kama ambavyo ingekwisha. Mume sasa hayupo. Wakati mwingine nafikiri hata hilo lilikuwa ubadhirifu, na wakati mwingine nafikiri ndiyo pesa pekee niliyowahi kutumia vizuri. Sijaamua, na magoti haya hayataningoja niamue.

Huko nilimkuta shemeji bado ana lile koti. Lilikuwa limeshuka cheo, limetoka kanisani likawa la shamba. Asubuhi za kupanda nilimwona toka mbali ameinama, mgongo wenye mstari ukienda taratibu juu ya mfereji wa kupandia, mbegu mbili kila shimo, anaziangalia zinaangukia wapi, mguu unafukia. Hakuwahi kuniambia pole, na mimi sikungoja. Siku moja alilivua kwa joto akalitundika kwenye mti wa ua, nikalichukua nilifue. Nikalisugua kwa mafuta ya taa, kama mume wangu alivyosugua kucha zake.

"Wacha, shemeji," akasema toka kwenye mfereji wake, hakuinua kichwa. "Haitoki. Na watu wamezoea kunijua kwa mgongo."

Nikalikamua, nikalianika ile sehemu ya mstari ikiangalia juu, nikachukua jembe langu nikaanza mfereji wa pili.